Chakula cha Bibi wa Mtambo

Mvua zilipoanza kumega tuta la barabara, Tajiri Wirot aliwakusanya madereva wake akawaambia mitambo ya kuchimba italala mpaka msimu uishe.

"Kila mtu aufunge wa kwake," alisema. "Siku ya kurudi, utakaowaka, dereva wake anarudi nao. Usiowaka, kila mtu na njia yake."

Mume wangu, Bunlue, alikuja nyumbani anachekelea kama mtu aliyeahidiwa pepo. Nikamwambia ahadi ya tajiri ni upepo. Hakunisikia. Tangu anioe masikio yake yako kwenye injini.

Aliukwangua udongo mwekundu kwenye minyororo kwa kisu changu cha papai. Akauegesha mtambo juu ya magogo usizame, akailaza ndoo yake ya kuchotea udongo chini, akajaza dizeli hadi mdomoni ili unyevu usigeuke maji ndani ya tangi. Vile vyuma ving'aavyo vinavyoinua mkono alivipaka grisi kwa kiganja, taratibu. Mgongo wangu mimi haujawahi kupakwa vile hata mafuta ya nazi. Betri akaja nayo, tukalala nayo chumba kimoja msimu mzima.

Mwishoni akaniomba wali wa kunata, yai la kuchemsha na soda nyekundu, vya Bibi. Kila mtambo una Bibi wake, roho anayeulinda. Ndiye anayefungiwa vitambaa vya rangi pale mbele.

"Mwekee, aonje, kisha utoe," nikamwambia. "Ndivyo wenzio wanavyofanya."

"Mama, Bibi anafungiwa miezi yote hiyo, we unataka alale njaa?"

"Bibi hali yai, baba. Panya ndiye anayekula."

"Usimtukane bwana!"

"Nimemtukana nani? Panya?"

Akacheka. Sahani akaifungia ndani, chini ya kiti, akafunika turubai juu ya kila kitu.

Mvua zikakatika. Tajiri Wirot akaja na mpwa wake, Phuri, kijana mwenye viatu visivyojua matope. Bunlue akarudisha betri, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, jasho linamtoka. Walipoinua kiti wakakuta kiota cha panya, punje za wali, na nyaya zimetafunwa hadi shaba.

"Umefuga panya kwenye mali yangu!" Tajiri alifoka.

"Kilikuwa chakula cha Bibi, tajiri."

"Bibi gani? Ushamba huo ndio unaowaweka hapo mlipo. Phuri ataendesha."

Bunlue akamwomba angalau azitengeneze nyaya mwenyewe. Akaruhusiwa, na yule mjinga wangu akadhani ndio msamaha. Akaunga uzi kwa uzi, mgongo umepinda, hata wali niliompelekea ukapoa bila kuguswa. Mtambo ukawaka. Tajiri akachukua ufunguo, akampa Phuri.

Lakini asubuhi Phuri alipoupanda, ukamzimikia. Akauwasha, ukamzimikia tena, kisha ukateleza na kuinamia mtaroni. Vibarua wakaanza kunong'ona, wengine wakagoma kusimama karibu nao. Jioni Tajiri Wirot alikuwa mlangoni kwangu, ameshika shada la maua na ubani.

"Bunlue, ndugu yangu, Bibi hamjui huyu kijana. Njoo umkabidhi."

"Bibi gani, tajiri?" nikamuuliza.

Akatazama kuku wangu. Mume wangu alikuwa ameshavaa shati lake la hekaluni.

Niliwafuata. Nilikuwa na uchungu, ila sina budi kusema nilikuwa na tumaini pia: neno moja tu la laana kutoka kwa Bunlue, na hakuna dereva wilaya nzima ambaye angekikalia kile kiti. Wangelazimika kumrudisha. Na Tajiri alilijua hilo, maana njia nzima alimbebea Bunlue shada la maua.

Bunlue akapiga magoti mbele ya mtambo, akawasha ubani.

"Bibi," alisema, "mimi nimefika mwisho. Huyu ndiye mwanao sasa. Mwitikie kama ulivyoniitikia mimi."

Phuri akazungusha ufunguo. Ukawaka mara moja, na haukuzima. Vibarua wakashangilia, Tajiri akapumua. Bunlue akatabasamu, wallahi nilimwona, akasogea dirishani akamwambia yule kijana kwa upole, "Uache upate joto kwanza, mwanangu. Usiuharakishe."

Wakati huo sikumchukia Tajiri. Nilimchukia mume wangu.