Mama Esteri Kwenye Katalogi

Sina ugomvi na maktaba. Ugomvi wangu ni na neno moja walilombandika mama yangu.

Mama yangu, Esteri, anajua kuhifadhi maharage mwaka mzima bila mdudu kuyagusa. Chuo kimoja cha Kasulu kilikuja hapa Makere kumrekodi akifundisha, kisha kikaweka video zake mtandaoni bure, anayetaka azitazame, anayetaka azinakili. Kwa mila yetu huanzi kufundisha kabla hujamtaja aliyekufundisha wewe. Basi kila video mama aliifungua hivyohivyo: "Haya nilionyeshwa na mama yangu kule Ruyigi, kabla hatujakimbia."

Miezi ikapita, hakuna aliyezitazama. Ndipo mkutubi wa chuo, Lusajo, Mnyakyusa mmoja mpole, akaja nyumbani.

"Mama, mtandaoni kuna vitu vingi mno, zako zimezama. Nitaziingiza kwenye katalogi kwa kanuni za maktaba: jina lako, mahali, na mada. Mtu akitafuta, popote alipo, atakupata."

Mama alifurahi, akamfungia maharage ya mboga.

Mada zenyewe mkutubi hajitungii. Anachagua kwenye orodha iliyokwisha kupitishwa. Lusajo akachagua Maharage, akachagua Uhifadhi wa mazao. Kisha, kwa kuwa alizisikiliza zile video kwa makini kuliko hata sisi wanawe, akaongeza Wakimbizi wa Burundi. Orodha yake haikuwa na neno la mtu aliyevuka mpaka akiwa binti mdogo, akala kiapo cha uraia, akazaa na kuzika hapa.

Na kweli mama alipatikana. Simu zilipigwa kutoka Kibondo, nyingine kutoka Songea huko. Jina likakua, majirani wakamsukuma agombee uenyekiti wa kitongoji. Aliutaka kwa moyo wote. Sijawahi kumwona akikitaka kitu namna ile.

Mpinzani wake, Anania, akaweka pingamizi: huyu si raia. Mbele ya kamati mama akatoa cheti chake cha uraia. Anania akatoa simu, akaandika jina la mama, likatokea na Wakimbizi wa Burundi chini yake, akaisogeza mezani.

"Si mimi niliyeandika," akasema. "Ni wasomi wa chuo."

Wajumbe wakanong'onezana, wakaamua suala lipelekwe juu likachunguzwe. Uchaguzi haukusubiri uchunguzi wao. Anania akapita bila kupingwa, mshenzi yule, na siku ile alitupungia mkono njiani.

Wiki iliyofuata Lusajo akaja, hata kuketi hakutaka.

"Nisamehe, mama. Lile neno nimelifuta."

"Limetoka kabisa?"

"Kwetu limetoka. Ila maktaba nyingine zilikuwa zimeshachukua taarifa zetu. Huko mkono wangu haufiki."

"Basi toa na video zenyewe."

Lusajo akainamisha kichwa. "Nazo zimesambaa, mama. Tuliziweka wazi. Sasa ni mali ya wote."

Mama alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini, akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu," akasema. "Kwa hiyo maharage yangu ni ya Watanzania wote. Mimi ndiye si Mtanzania."