Fremu Nyepesi

Leland Hudak alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na hata baada ya kustaafu aliuamini mkono wake kuliko kipimo chochote. Kila Jumanne ya majira ya baridi alikwenda kwenye klabu ya walenga shabaha, nyuma ya ukumbi wa wazima moto. Alisimama wima, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyooka mbele, akaitoboa karatasi kwa bastola ya risasi ndogo. Katika bonde lile la mto Monongahela walikuwepo wachache waliomshinda, na hao walishinda kwa taabu.

Mwezi wa Agosti vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kuangusha vitu. Kwanza kijiko, kisha funguo, kisha bakuli zima la supu. Daktari wa Pittsburgh hakuficha: ulikuwa ugonjwa wa neva. Misuli ingekwisha mmoja baada ya mwingine, mpaka ile ya kuvutia pumzi, na dawa ya kuuzuia hakuna. Leland akasema, "Asante, daktari," akavaa kofia yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani mkewe, Bernadine, hakusikia neno lingine kutoka kwake.

Alikaa kimya hivyo kwa majuma. Ndipo asubuhi moja, mbele ya kikombe cha kahawa, akasema, "Nataka kujijengea bastola."

"Si unazo mbili?"

"Hizo nilinunua zimeshaundwa. Hii nataka niichague kipande kwa kipande, kabla mkono wa kulia nao haujanitoroka."

Bernadine alifurahi hata akajificha jikoni asionekane. Mtu mwenye hamu ya kitu, aliwaza, bado yumo. Akachukua koti lake akafuatana naye dukani.

Mwenye duka, Emmett Sabol, alikuwa amelenga shabaha na Leland tangu wote wawili wana nywele. Alipowaona mlangoni akapaza sauti, "Ala! Nilidhani umehamia Florida na vikongwe wenzako!"

"Florida watanizika nimevaa kaptula," Leland akajibu.

"Shemeji, karibu. Huyu usimwache aguse kitu, ataniharibia duka."

Emmett akatandika kitambaa juu ya kaunta, akaweka fremu mbili. Fremu ndiyo mifupa ya bastola, na hata mbele ya sheria ya nchi ile, hiyo ndiyo bastola yenyewe. Mtutu, kifyatuo na mpini huja baadaye kama nyama juu ya mfupa. Moja ilikuwa ya chuma cha pua, nzito, inang'aa. Ya pili ilikuwa ya alumini, nyeusi, nyepesi kama mfuko wa miwani.

Leland akaiinua ya chuma, akanyoosha mkono kuelekea dirishani. "Hii," akasema. "Uzito unatuliza mkono. Ukifyatua, pua ya bastola hairuki."

"Kweli," Emmett akasema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini ile nyepesi ungeweza kuiinua muda mrefu zaidi, bwana. Tungeifungia vizito vidogo vya chuma mbele, halafu tunavipunguza kadiri... kadiri mambo yanavyokwenda."

"Ya chuma itanitosha."

Bernadine alikuwa akiutazama mkono wa mumewe. Ulikuwa umeanza kutetemeka pale begani, na fremu haikuwa hata na mtutu bado. Leland Hudak, aliyepima mara tatu kabla ya kukata ubao wa rafu, alikuwa akichagua kitu ambacho kufikia mwezi wa Machi asingeweza kukinyanyua, na hakuonekana kujali. Baridi ikamshuka Bernadine mgongoni. Mtu haoni haja ya kuifikiria Machi kama hana nia ya kuifikia.

"Itakutosha mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka itakapohitajika."

"Leland. Niangalie. Inahitajika kwa nini?"

Emmett akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi tayari.

"Tuzungumze nyumbani," Leland akasema.

"Nyumbani husemi. Umenyamaza tangu Agosti, nazungumza na jokofu. Nakuuliza hapa, mbele ya Emmett, ili usinikimbie. Una mpango wa kujiua?"

Leland akaiweka fremu chini polepole. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kwa kitambo Bernadine alidhani atatoka aende zake. Badala yake akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Nimelifikiria," akasema. "Si leo. Nilitaka msimu mmoja mzuri, basi. Sitaki unilishe kwa mrija. Sitaki uniogeshe kama mtoto."

"Mama yako nilimwogesha mimi. Ulinisikia nikilalamika?"

"Ulilalamika kila siku."

"Basi na wewe nitakulalamikia kila siku!" Alicheka na machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Sikuombi uishi milele, mume wangu. Mungu akikuita, nenda. Lakini usinitoroke kwa mlango wa nyuma, mimi nikakukute. Hilo siwezi. Kwa hilo sina nguvu."

Leland aliinamisha kichwa. Emmett alikuwa ameacha kufuta kioo. Alizunguka kaunta, akamwekea rafiki yake mkono begani, naye hakuwa mtu wa kushikana.

Mwisho Leland akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Emmett, rudisha hiyo ya chuma."

"Naam."

"Zile mbili za nyumbani twende ukazichukue leo hii. Zifungie kwenye kabati lako, na hii nyepesi tukiimaliza ilale humo humo. Jumanne utaniletea klabuni, na baada ya kulenga uondoke nayo."

"Nafasi ipo," Emmett akasema. "Na nikisikia tena upuuzi wa namna ile, nitakulengesha kwa manati."

Ndipo wakakaa kuchagua vilivyobaki, na mchana ukawaishia hapo. Mtutu mwembamba wa chuma uliovikwa koti la alumini. Kilengeo cha nukta nyekundu, maana macho nayo yalikuwa yamechoka. Leland alitaka kifyatuo laini kupita kiasi. Emmett akamkumbusha kwamba sheria za mashindano zina kikomo cha ulaini. "Basi nipeleke ukingoni mwa kikomo," Leland akasema. Mpini aliuchonga mwenyewe kwa mti wa jozi, Bernadine akimshikia ubao, maana mkono wa kushoto haukuweza tena.

Daktari naye aliambiwa yote. Akaleta mama mmoja wa kuzungumza na wagonjwa. Leland alimwita "yule wa maswali", ila hakukosa hata siku yake moja.

Alilenga majira yale yote ya baridi. Mwanzoni alishika nafasi ya pili, akanuna kama mtoto. Emmett akafungua kizito kimoja, baadaye cha pili, alama zikashuka, naye akazidi kuja. Machi ilipita akiwa bado anainua mkono. Mwezi wa Mei mkono haukuinuka tena. Akakalia kiti nyuma ya mstari akawa ndiye anayetoa amri za kufyatua, hadi sauti nayo ikakwisha.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, nyumbani, asubuhi kweupe, theluji ikidondoka kutoka paani, Bernadine akimpangusa mdomo.

Kwenye chakula cha maziko, wanawake wa parokia walimpa Bernadine pole kwa mzigo aliobeba. Mmoja akasema labda ingekuwa heri kama yangekwisha mapema.

"Kazi ilikuwa ngumu, mama, sitakudanganya," Bernadine akasema. "Lakini hakuna asubuhi ambayo ningekubali kuitoa." Akafikiri kidogo. "Isipokuwa ile mrija ulipoziba akanitapikia gauni la Pasaka. Hiyo mtu akiitaka, aichukue."

Emmett, aliyekuwa amekaa karibu, sahani yake haijaguswa, akaangua kicheko ghafla, kisha akaufunika uso kwa viganja vyote viwili.