Bastola Nzima Kuliko Mimi

Kampuni ilitangaza kwamba bastola za aina aliyo nayo mume wangu, Verlin, zirudishwe kiwandani zitengenezwe bure, kwa sababu zikidondoka au kugongwa hufyatuka zenyewe. Nikamwambia alete yake niifungashe, niitume.

"Wee Lorna, una wazimu? Huo ni ujanja wa serikali. Ukishawapa, hairudi. Bastola yangu ni nzima kuliko wewe!"

Hapa Wyoming, Marekani, kila mtu anaishuku serikali, na Verlin anashuku hata utabiri wa theluji. Lakini safari hii alikuwa akiongea huku anatazama viatu vyangu. Nilipomwomba namba za kufungulia kabati la bunduki, eti amezisahau. Mtu anayekumbuka uzito wa kila kulungu aliyempiga!

Jumapili kaka yangu Coy akaja kula. Alipovuta kiti tu, Verlin akaruka, akamdaka mkono.

"Taratibu, shemeji! Usijibwage hapo. Leo kula umesimama."

"Kwani kiti kina nini?"

Nikamfunua Coy koti. Kiunoni alikuwa na bastola yenye herufi za jina la Verlin kwenye mpini. Herufi hizo nilizichongesha mimi, zawadi ya ndoa yetu.

"Kaniuzia," Coy akasema. "Aliniambia umeridhia, dada."

Verlin alikuwa amesharudi nyuma hadi ukutani.

"Unakimbilia wapi?" nikamuuliza. "Si nzima kuliko mimi? Haya, njoo uitoe kiunoni mwake."