Kabichi za Malka

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Februari, mwaka wa 1957, jua likiwa utosini. Laban alikuwa Idsowe, amejilaza chini ya mtumbwi wake akiuziba nyufa kwa lami, mtu mmoja aliyetoka Garsen alipompigia kelele kutoka ng'ambo ya mto.

"Baba Gladys! Unaitwa shuleni! Sasa hivi, wala si kesho!"

"Amekufa?"

"Nani kakwambia amekufa? Wanataka kumfukuza!"

Tangu mkewe, Rosina, afie kwenye baraza ya zahanati iliyofungwa kufuli, mganga wake akiwa karamuni na wakubwa wenzake, Laban amekuwa mtu wa kuulizia kifo kwanza, mengine baadaye. Akavaa shati la kanisani, akaufuata ukingo. Hata hasira hakuwa nayo. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zilikwenda na mama yule.

Gladys alikuwa darasa la nane, mmoja wa wasichana watatu katika shule nzima ya bweni, na mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka. Akifaulu, angekwenda kusomea ualimu. Akifukuzwa, kulikuwa na mzee mmoja wa kanisani aliyekwisha kuulizia posa mara mbili, kichwa cheupe, meno ya kuhesabika.

Yote hayo kwa sababu ya vyama. Mwalimu mkuu, aliyeletwa kutoka mbali na hajui hata mto unajaa mwezi gani, alipenda vyama kama mtoto anavyopenda sukari. Shule bila vyama, alisema, ni ghala la watoto. Kukawa na kwaya, kukawa na skauti, kukawa na chama cha mijadala ambako kila Ijumaa wavulana waligombana kwa Kiingereza kama garimoshi ni bora kuliko barabara, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona garimoshi. Kisha kikaja Chama cha Wakulima Vijana, Gladys akachaguliwa kuwa katibu. Wavulana wakamwita Mama Kabichi.

Chama kilitaka shamba. Mwalimu mkuu akatembea ukingoni akaona mahali peupe, hapana kichaka, udongo mweusi kwa samadi, mteremko laini mpaka majini. Akafurahi. "Patupu kabisa," akasema, "na pamejitengeneza penyewe!"

Pamejitengeneza penyewe! Ile ilikuwa malka, njia ambayo wafugaji hushushia ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mtu wa mto hailimi malka, hata njaa iwe imekaa mlangoni. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Mwalimu Mangi, mlezi wa chama, mzaliwa wa Ndera, mtu wa mto, aliijua vizuri zaidi, lakini alikuwa akingojea kupandishwa cheo, akaviangalia viatu vyake. Laban mwenyewe aliinua mkono siku ya wazazi. Akaambiwa mambo ya kilimo cha kisasa awaachie walimu, akakaa chini.

Mwaka ule wa kwanza mvua zilikuwa njema, ng'ombe wakabaki huko nyikani kwenye madimbwi yao. Shule ikazungushia malka ua wa miti na miiba, kabichi zikanenepa kama watoto wa tajiri. Safari hii vuli haikunyesha.

Laban alipofika shuleni alimkuta Hersi ameketi chini kwenye vumbi la uwanja, askari wa chifu amemsimamia. Hersi alikuwa Msomali mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Mkewe Kafia ndiye aliyekuwa akimletea Rosina maziwa, naye Rosina akimjazia kapu la mahindi, tangu Gladys hajaota jino.

"Ndugu yangu," Hersi akasema, "mimi iko na shida, na mtoto yako iko na shida. Shida moja."

Kabla Laban hajajibu, Mwalimu Mangi alimshika mkono akamvuta nyuma ya chumba cha walimu. Ndani walimu walikuwa wakinywa chai, mmoja akicheka.

"Mzee, nisikilize vizuri. Mkaguzi wa elimu anakuja Jumatatu kuliangalia shamba, na shamba limeliwa lote. Mwalimu mkuu anatafuta mtu wa kumtupia lawama. Mwambie binti aseme ng'ombe walivunja ua. Basi, yamekwisha."

"Na hawakuvunja?"

Mangi akapangusa jasho. "Alifungua yeye."

Gladys alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi, sare yake imejaa tope. Hakulia. Alimweleza baba yake kwamba zamu ilikuwa yake, yuko juu ya dungu akifukuza ndege, chini wadogo wawili wa darasa la tano wakimwagilia. Akaona vumbi. Hersi alikuwa mbele ya kundi, anakimbia, anapunga fimbo: dada, toa miti, wameshanusa maji, mimi hapana weza tena!

"Wangeupitia ua na wale watoto wakiwa ndani, baba. Na malka nyingine ni mwendo wa nusu siku. Ndama walikuwa wanaanguka. Nikawapandisha wadogo kwenye dungu, nikafungua."

"Sikiliza, mwanangu." Laban akaketi kando yake ngazini. "Sema walivunja."

"Baba!"

"Sema tu. Neno moja. Nimechoka, Gladys. Nimemzika mama yako, sina la kufanya tena na watu hawa. Wewe sema, usome."

"Na Hersi je? Askari kasema ua ukivunjwa, ng'ombe wanachukuliwa. Wote."

Laban akatazama uwanjani. Hersi alikuwa ameuinamisha uso, akichora chora mavumbini kwa kidole.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa ndani. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza, Mangi akasimama dirishani.

"Mara ya mwisho," mwalimu mkuu akasema. "Ua ulivunjwa au ulifunguliwa?"

Mangi akakohoa. Laban hakukohoa wala hakuinua kichwa.

"Niliufungua mimi, mwalimu," Gladys akasema. "Bwana Hersi hana kosa. Pale ni malka."

"Pale ni shamba la shule!"

"Lilikuwa malka kabla ya shule."

"Unaona adabu hiyo?" Mwalimu mkuu akamgeukia Laban. "Mchukue binti yako. Kitanda chake bwenini apewe mwingine leo hii. Na yule mchungaji wa ng'ombe mwambieni aende zake, maana amefunguliwa ua na mwanafunzi wangu mwenyewe, nitamshtaki kwa lipi?"

Ikawa hivyo tu. Miaka minane ya karo, ndizi zilizouzwa, mikeka Rosina aliyoisuka macho yakimuuma. Mtu mmoja anachagua mahali pabaya kwa kutojua, wa pili ananyamaza kwa kutaka cheo, anayeondoka na sanduku kichwani ni mtoto.

Gladys alitoka kwenda kufunga vitu vyake. Kupitia dirishani Laban alimwona Hersi anasimama, anakung'uta vumbi, anamsogelea binti na kusema kitu, na binti anatikisa kichwa. Upande wa mto wavulana wa chama walikwisha kuanza kukata miti mipya. Mwalimu mkuu alitaka ua imara zaidi, na miche ya kabichi kutoka bustani ya walimu ihamishiwe pale kabla ya mkaguzi.

"Bado uko hapa, mzee?" mwalimu mkuu akauliza.

"Naondoka, bwana. Binti yangu namchukua." Sauti ya Laban ilikuwa imechakaa. "Lakini ng'ombe wa kiangazi hunywa leo, kesho wanakwenda malishoni, keshokutwa wanarudi. Keshokutwa ni Jumatatu. Na wewe utakuwa na mgeni wako, na watoto watakuwa ndani ya ua."

Mwalimu mkuu akamtazama Mwalimu Mangi. Mwalimu Mangi akawatazama wavulana na miti yao.

"Nauliza tu," Laban akasema. "Jumatatu, nani atafungua?"