Pete Sita za Milava

...na kwa nini avalishwe vya kwao, kana kwamba Milava alizaliwa na bahari, kana kwamba hakutoka katika tumbo hili, Dobronega anawaza, amesimama upande wa kichwa cha ubao wa kuoshea maiti alipolazwa Milava, pete sita za fedha zimemchora kiganja kwa jinsi alivyozifumbata, na mbele yake Ragnfrid, mama mkwe wa binti yake, anafuta bizimu zake mbili za shaba kwa pindo la gauni, kila moja kubwa kama nusu ya yai la bata bukini, moja ya bega hili na moja ya bega lile, ndivyo wavaavyo wanawake wa ng'ambo, anafuta polepole, hana hata haraka... "Mkwe, hebu sogea kidogo nimfunge," miaka kumi na tisa hapa Ladoga na bado lugha yetu anaitafuna kama samaki mwenye miba, sogea, nisogee niende wapi, walikuja na makasia yao na mizani yao na panga zao, tukawapa shayiri, tukawapa asali, tukawapa mabinti, sasa wanataka na wafu wetu, pete hizi zilining'inia kando ya macho, kwenye panja za mama yangu, na za mama yake, Hodota, na za mama wa Hodota aliyepanda mto kutoka kusini na mbegu amezifunga kwenye utepe wa nywele, majina saba ya mama zetu, mmoja baada ya mwingine, sijawahi kukosea hata moja, na wote saba wamekaa huko kwa wafu wanatazama panja za kila anayewasili, tatu huku, tatu huku, ndivyo wanavyomjua wa kwao, asiye nazo wataulizana huyu ni wa nani, na moto wa kumchomea utawashwa jua likifika utosini... "Nyie wakwe," anasema Stana, muosha maiti, akikamua kitambaa, "mkitaka kuvutana nywele tokeni uani, mimi nina kazi hapa," na Ragnfrid anapenga kamasi, macho mekundu, anathubutu kulia! "Ndizo nilizokuja nazo, mkwe, sina nyingine," nani kakuuliza, basi kaa nazo, uwaendee mama zako umefunga mabega, Milava ana mama yake, hata maumivu yalipomzidi juzi aliniita mimi, nimewaambia majirani wote, aliniita mimi, nilimshika mkono wa kulia nikamwambia nipo, mwanangu, mama yupo, naye akageuza uso... akageuza uso upande wa pili wa kitanda, akaita mama kwa lugha ya ng'ambo, mara tatu, ilikuwa homa, nilisema ni homa, hapana, sikusema lolote, nilitoka nje asubuhi nikawaambia watu aliniita mimi, mimi niliyeyashika majina saba bila kuongeza wala kupunguza... na upande ule wa pili wa kitanda alikuwa nani, si huyu huyu, si alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake nilipokuwa nawaambia majirani, akanitazama, akapita, akaenda kumwaga maji. "Mkwe?" anasema Ragnfrid, bizimu mkononi, na Dobronega hajasogea, ngumi bado imefumba, alisikia, anawaza, alisikia yote mawili, na tangu juzi hajamwambia mtu.