Mlinzi wa Mashine ya Namba

Ile mashine ya kutoa namba za foleni hospitalini niliibuni mwenyewe, na ripoti ya mwezi ilinivimbisha kichwa: hakuna mgonjwa hata mmoja aliyebonyeza vibaya. Hata mmoja! Kazi yangu ni kufanya vitu vitumike kwa urahisi, na miaka yote hiyo sijawahi kuona maajabu kama hayo. Furaha ikageuka wasiwasi. Asubuhi chai ilinishinda, nikaenda kujionea.

Watu kama ishirini walikuwa wamesimama mbele ya mashine, na hakuna aliyeigusa.

"Kwani imeharibika?" nikamuuliza mama mmoja aliyejishika shavu.

"Nzima. Tunamsubiri mlinzi, ameenda msalani. Yeye ndiye anayeijua."

"Lakini mama, maelekezo si yapo hapo juu?"

"Mwanangu, jino linaniua. Sasa nianze kusoma gazeti?"

Damu ikanichemka. Nikajipenyeza hadi mbele, nikabonyeza kwa madaha ili wote waone: huduma, idara, endelea, thibitisha. Karatasi ikatoka, nikamkabidhi yule mama. Akaisoma kwa sauti, "Kliniki ya wajawazito," kisha akanirudishia.

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akacheka na jino lake. Mlinzi akaja mbio huku akifunga mkanda, akanisogeza kando taratibu, akabonyeza mara nne bila hata kutazama.

"Usione haya, kaka," akaniambia. "Mara ya kwanza kila mtu hukosea."