Mshenga wa Injinia wa Mafuta

Hapa Bellevue, mtaa wa sisi wahamiaji, kila mtu kwao alikuwa mkubwa. Kinyozi wa kona alikuwa daktari, mlinzi wa duka la viatu alibakisha kura chache awe mbunge, na mimi Naseeb, ninayeuza soksi pale kwenye robot, taa za barabarani, magari yakisimama, nilikuwa meneja. Wa nini, hakuna aliyewahi kuniuliza. Ndiyo adabu ya mtaa.

Kwa hiyo Mzee Mwadini aliponiomba niwe mshenga wake kwa Samira, mjane wa Tanga anayeshona nguo nyumba ya tatu kutoka kwetu, nilimpandisha cheo tukiwa bado njiani.

"Si ulifanya kazi ya mafuta huko kwenu Rufiji? Basi wewe injinia."

"Naseeb, nilifanya siku kumi na moja."

"Injinia mstaafu."

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Samira alishawakataa wawili, na Mwadini aliniambia wazi kwamba na yeye akikataliwa, haposi tena mpaka kaburini. Miaka tisa ya kula maharage ya kopo peke yake ilimtosha.

Karimu, kaka yake Samira, fundi magari wa Jeppestown, alitupokea sebuleni. Samira mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, cherehani kimya.

"Tumekuleteeni injinia wa mafuta," nikaanza. "Kachimba bonde la Rufiji wewe hujaijua hata petroli."

"Mashaallah. Mlikwenda chini futi ngapi?"

Mwadini akanitazama.

"Elfu kumi," nikajibu mimi.

"Mkayapata?"

"Yakaruka yakapita minazi!"

"Eish. Mbona hayo mafuta mimi siyasikii?"

"Yalirudi chini," nikasema, na hapo hata mimi nilijionea huruma.

Mwadini akakohoa. "Bwana Karimu, kisima sikukiona hata kimoja. Mimi mkulima. Kwetu tunalima mlau: mafuriko yakishaondoka, unapanda kwenye tope lile lile, mbiombio, kabla halijakauka. Mwaka mmoja wakaja Wazungu kutafuta mafuta. Siku kumi tukawafyekea mkuza, njia imenyooka kama rula, ikakata mashamba. Ya kumi na moja wakatugawia vidude vyenye msumari chini, ati baruti ikilipuka vitasikiliza kilichomo ardhini. Msimamizi akaniambia, kila hatua tano, panda kimoja. Sasa kupanda si ndiyo kazi yangu?"

"Ukapanda?"

"Viwili viwili kila shimo. Kimoja kikiliwa na nguruwe, cha pili kiote."

Nyuma ya pazia mkasi ukaanguka.

"Na nikavifukia," akaongeza, mtu mwaminifu mpaka unamchukia. "Nikakanyagia kwa kisigino. Vikaisha katikati ya mkuza. Mzungu akaja mbio, anavitafuta havioni. Nikamwambia asubiri mvua."

Nikafumba macho. Ushenga wangu wote ulikuwa unafukiwa pamoja na vidude.

Karimu alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. Sauti ya Samira ndiyo iliyotoka.

"Mzee Mwadini, wakakufukuza?"

"Siku hiyo hiyo, mama."

"Ukaenda wapi?"

"Nikakimbilia mlau wangu. Tope lilibakiwa na unyevu wa siku mbili tatu. Nilipanda mpaka viganja vikavimba."

"Mahindi yakaota?"

"Tuliyala mpaka mafuriko mengine."

Samira akamwita kaka yake ndani. Walinong'ona muda mrefu. Mwadini alihesabu vidole vyake, akavirudia. Karimu alipotoka alikuwa amejitia uso wa mahakama.

"Dada yangu anasema wa kwanza alikuja hapa rubani, wa pili mkurugenzi. Rubani tunamwona huko mtaa wa Berea anauza chaja. Huyu ndiye mwanamume wa kwanza kuingia humu na kazi yake mwenyewe. Posa tumeipokea."

"Alhamdulillahi!" Nikasimama, nikamnyooshea mkono.

Hakuushika. "Mambo mengine tutazungumza Jumapili. Ila mzee aje na mshenga mwingine. Bwana harusi hatuna shaka naye, shaka yetu iko kwa aliyemleta."

Nikamgeukia Mwadini anitetee. Alikuwa anauliza kama hiyo Jumapili aje asubuhi au baada ya adhuhuri.